Mtoto amemaliza bioteknolojia: kazi ya utafiti serikalini inapatikana wapi?



Kila mara tunapomaliza kikao juu ya bei ya kahawa ao mbegu za maharage, mzazi mmoja anatuvuta pembeni. Binti yake ao kijana wake amemaliza bioteknolojia kwenye chuo kikuu, diploma iko ndani ya bahasha, na nyumbani wote wanangojea kazi ya Leta. Minervali ililipwa na maharage, na mbuzi, wakati mwingine na kipande cha shamba. Sasa anauliza: kazi iko wapi? Leo tunawajibu wote pamoja.

Alisoma nini?

Bioteknolojia ni elimu ya kutumia viumbe hai kwa kazi: kukuza mche wa mgomba ndani ya chupa, kupima virusi kwenye jani la muhogo, kutambua vijidudu vinavyoharibu maziwa. Haiko mbali na sisi. Mnyauko wa migomba ulipoonekana upande wa Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wengi wa Kivu walipoteza ndizi za kupika na za kasiksi. Kutambua ugonjwa wa namna ile na kutayarisha miche safi, ndiyo kazi mtoto huyu aliyofundishwa.

Milango ya serikali

Mlango wa kwanza ni INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Ilitoka katika INEAC ya wakati wa Wabelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1933. Ina stesheni Mulungu katika Kivu ya Kusini, Yangambi katika Tshopo, Nioka katika Ituri, Kipopo karibu na Lubumbashi, M'vuazi katika Kongo ya Kati, na nyingine. Ndizi ya Yangambi Km 5 imebeba jina la mojawapo ya stesheni hizo.

Lakini INERA siyo mlango peke yake. Lwiro, kule Kabare, kuna kituo cha utafiti wa sayansi za asili, CRSN. Mwenye kusoma mambo ya vijidudu anaweza kuandikia INRB, maabara ya taifa ya magonjwa, iliyo Kinshasa na yenye tawi Goma. SENASEM inakagua mbegu. OCC inapima bidhaa. ONAPAC inaangalia ubora wa kahawa na kakao. Wengi wanaandikia taasisi moja tu, halafu wanakaa kungojea.

Barua siyo mshahara

Hapa ndipo familia nyingi zinaumia, basi tusome polepole. Katika idara za serikali yetu kuna vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni barua ya kupokelewa kazini. Cha pili ni nambari ya matrikule. Cha tatu ni jina kuingia kwenye listi ya kulipwa. Kati ya cha kwanza na cha tatu mtu anaweza kupita miaka. Wale wanaoitwa NU ni watu waliopokelewa kazini lakini wangali wanangojea matrikule. Wengine wanapata primu kidogo bila mshahara wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuchinja mbuzi ya furaha, mzazi amuulize mtoto: una barua? Matrikule imetoka? Jina liko kwenye listi? Kama jibu ni barua peke yake, mtoto hajadanganya, lakini nyumba isikope pesa juu ya mshahara ambao haujafika.

Sheria nambari 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, juu ya watumishi wa serikali, inaweka konkuru kuwa njia ya kuingia kazini. Watafiti wana sheria yao ya mwaka 2018, na mwenye kuanza anaanza chini, kama asistanti. Hakuna sheria inayosema kazi inanunuliwa. Mtu akikuomba dola « za kusukuma dosie », hana kazi ya kukuuzia. Shamba lililouzwa kwa ajili hiyo halirudi.

Dosie inayosomwa

Barua iandikwe kwa mkuu wa taasisi, na kopi ipelekwe kwa mkuu wa stesheni iliyo karibu. Ndani yake kuwe kopi za diploma na za alama zilizogongwa muhuri, maelezo ya maisha na kazi, hati ya kuzaliwa na hati ya uraia. Barua iseme wazi: ninajua kufanya hiki na hiki. « Ninatafuta kazi yoyote » haimsaidie mtu.

Siku ya kupeleka, aende na kopi mbili. Moja inabaki kwenye biro, ya pili inagongwa muhuri na tarehe, anairudisha nyumbani. Bila muhuri huo, dosie ikipotea hana la kuonyesha. Tena ajiandikishe kwenye ONEM, ofisi ya taifa ya kazi.

Koperative inaweza kufanya nini?

Tuseme ukweli: nafasi ni chache kuliko wenye diploma. Mkuu wa stesheni akiwa na nafasi moja, anakumbuka mtu aliyemuona akifanya kazi: aliyekuja kwa staji, aliyeandika kazi yake ya mwisho juu ya ugonjwa wa shambani. Kazi ya namna hiyo inaweza kuanza kwetu.

Mfano ni PIF, njia ya kuzidisha migomba kwa vipande vya shina. Haiombi maabara. Inaomba sanduku la mbao, unga wa mbao uliochemshwa, plastiki ya kufunika, kivuli, na machipukizi kutoka shamba lisilo na mnyauko. Chipukizi moja likisafishwa na kukatwa vizuri, linaweza kutoa miche makumi ndani ya miezi michache. Mwenye bioteknolojia anajua kwa nini kisu kipitishwe kwenye moto na kwa nini unga uchemshwe. Koperative inapata miche ya kuuza na kupanda, naye anapata kazi ya kuonyesha.

Lakini asifanye bure. Mupatane mbele ya komite: kwa kila mche uliouzwa, sehemu yake ni ngapi. Awe na daftari: tarehe ya kukata, idadi ya vipande, miche iliyotoka, iliyokufa na sababu. Mwisho wa msimu, prezidenti wa koperative amuandikie hati yenye muhuri. Daftari hilo na hati hiyo viingie katika dosie. Pale watu wengi wanapoleta diploma sawa, yeye analeta diploma na miche.

Kwa mkutano ujao

Tunapendekeza mambo matatu. Muandike majina ya watoto wa wanachama waliosoma kilimo, mifugo ao bioteknolojia, mabinti na vijana. Muchague tatizo moja la shamba linaloomba elimu yao. Mutume wajumbe wawili pamoja na mtoto kwa mkuu wa stesheni ya karibu, wapeleke tatizo hilo na kuomba staji. Mtoto akifika huko na koperative nyuma yake, anaongea kwa niaba ya wakulima wanaongojea jibu.