MCHORAJI WA CHAKI NA KUTA ZA MJI

Muhula huu pamekuwa na mabishano mengi hapa shuleni juu ya maandishi ya ukutani. Wako wasemao kwamba kila achoraye ukutani ni mharibifu wa mali, na wako wasemao kwamba kuchora ni kipawa, na kipawa hakizuiliwi. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa Chama cha Sanaa, nimeulizwa mara nyingi niko upande gani. Badala ya kujibu kwa neno moja, nimeona afadhali niwaeleze wasomaji wa gazeti letu habari za Keith Haring wa Marekani, aliyechora katika kuta za miji mingi ya dunia. Nadhani katika kazi yake twaweza kupata jibu lililo bora kuliko kelele za bwenini.

Haring alizaliwa tarehe 4 Mei, 1958, katika mji wa Reading, jimbo la Pennsylvania, akakulia Kutztown, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Baba yake alipenda kuchora vikatuni, naye akamfundisha mwanawe tangu utotoni. Jambo hili yafaa tulikumbuke, maana mchora katuni hujifunza kusema mengi kwa mistari michache. Alipomaliza shule mwaka 1976 alikwenda Pittsburgh kusomea uchoraji wa matangazo ya biashara. Hakupendezwa nao, akauacha. Mwaka 1978 alihamia New York, akaingia chuo cha sanaa kiitwacho School of Visual Arts.

Mji wa New York una treni nyingi zipitazo chini ya ardhi, na watu hushuka ngazi kuzifuata asubuhi na jioni. Katika kuta za stesheni hizo palikuwa na mbao za kubandikia matangazo. Muda wa tangazo ulipokwisha, na jingine halijapatikana, wafanyakazi walilifunika kwa karatasi nyeusi isiyong'aa. Maelfu ya watu walipita mbele ya karatasi zile wasione kitu. Siku moja mwaka 1980 Haring aliitazama karatasi moja akaona kwamba haina tofauti na ubao wa darasani. Akapanda ngazi mpaka barabarani, akanunua chaki nyeupe, akarudi chini, akachora.

Sisi tukaao mbele ya ubao kila siku twaweza kuelewa vizuri kwa nini chaki ilimfaa. Chaki haichuruziki kama rangi. Haitaki kopo wala brashi, wala haina haja ya kungojwa ikauke. Mtu aweza kuivuta kutoka pembe moja hata nyingine bila kuinua mkono. Lakini chaki ina ukali wake pia: juu ya karatasi ile mstari uliokosewa haufutiki ukaisha, ila huacha ukungu mweupe ambao kila mtu atauona. Kwa hiyo Haring alijizoeza kuijua picha nzima kichwani kabla mkono haujaanza. Alichora upesi, maana treni haingoji na askari hawakuwa mbali. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kijana huyu alipata sifa ya dunia kwa chombo ambacho sisi twakitupiana darasani.

Kazi hiyo aliifanya tangu mwaka 1980 hata 1985. Zilikuwako siku alizochora picha zipatazo 40, akishuka stesheni moja na kupanda treni mpaka nyingine. Mwenyewe alizifananisha stesheni zile na maabara, kwani hapo alijaribu mawazo yake na kuona mara moja kama watu wanayaelewa. Picha zake zilikuwa nyepesi kutambulika: mtoto mchanga atambaaye huku miale ya nuru ikimzunguka, mbwa abwekaye, watu wachezao ngoma, moyo ulioinuliwa juu kwa mikono. Watu wake hawana nyuso wala nguo, nasi hatuwezi kusema huyu ni tajiri au maskini, wa kabila hili au lile. Kandokando ya miili yao alitia vistari vifupi, na vistari hivyo ndivyo vinavyotufanya tuone kwamba wanaruka, wanatikisika au wanacheka.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Haring alichora mchana, mbele za watu. Hakungoja giza. Wasafiri walisimama wakamtazama, wakamwuliza maana ya picha, naye akazungumza nao, ingawa mara nyingi alipenda kila mtu ajitafutie maana yake mwenyewe. Aliwagawia beji ndogo zenye picha ya yule mtoto wa miale. Rafiki yake, mpiga picha Tseng Kwong Chi, alimfuata akizipiga picha kazi zile, na bila yeye nyingi zisingalijulikana leo, maana tangazo jipya lilipokuja mchoro ulifunikwa ukaisha.

Hata hivyo sheria haikumruhusu. Alikamatwa mara kadhaa na kutozwa faini. Wala kilichomtoa stesheni hatimaye hakikuwa faini. Jina lake lilipokuwa kubwa, watu walianza kuzibandua karatasi zile ukutani na kwenda kuziuza. Picha iliyochorwa ili mpita njia aione bure ikawa mali ya mtu mmoja chumbani mwake. Alipoona hivyo, aliacha.

Kuanzia hapo nguvu zake nyingi alizitia katika kuta kubwa, na nyingi kati ya hizo alizichora kwa ruhusa. Wenzangu wengi hudhani kwamba picha ya ukutani ni picha ya daftarini iliyokuzwa tu. Sivyo. Ukuta husafishwa kwanza, ukapakwa rangi ya chini, ukaachwa ukauke. Mchoraji akiwa juu ya ngazi au jukwaa la mafundi huona kipande kidogo tu mbele ya pua yake, wala hajui kama mguu wa mtu wake umekuwa mrefu kupita kiasi mpaka ashuke na kurudi nyuma hatua nyingi. Ndiyo sababu wachoraji wengi huugawa ukuta kwa miraba kwanza, wakaihamisha picha kutoka karatasini mraba kwa mraba. Haring hakupenda kufanya hivyo. Alianza pembeni na brashi yake, bila miraba wala mchoro wa kwanza, akaendelea mpaka ukuta umejaa. Miaka ile ya chaki ndiyo iliyomtayarisha.

Mwaka 1984 alialikwa Australia, na katika mji wa Melbourne alichora ukuta wa shule ya ufundi ya Collingwood kwa siku moja. Katika ukuta ule yuko mdudu mkubwa kama kiwavi, na mahali pa kichwa ana kompyuta. Shule yenyewe haipo tena, bali ukuta upo, na mwaka 2013 picha ilitengenezwa upya na mafundi.

Mwaka 1986 ulikuwa mwaka wa kazi nyingi. Siku zile huko New York kokeini ya kuvuta, iitwayo crack, ilikuwa ikiharibu vijana wengi, na msaidizi mmoja wa Haring alikuwa amenaswa nayo. Mwezi wa Juni, katika kiwanja cha mpira wa mikono huko Harlem, karibu na barabara kuu ipitayo magari mengi, aliona ukuta mrefu usio na kitu. Alichora juu yake bila kuomba ruhusa, akaandika kwa herufi kubwa "Crack is Wack", yaani crack ni kitu cha kipuuzi. Alikamatwa, akashtakiwa, akatozwa faini. Watu wengi na magazeti walimtetea. Baadaye mtu mwingine aliiharibu picha ile, kisha ikapakwa rangi ikafutika yote. Lakini wakuu wa viwanja vya mji walimwita arudi, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alichora upya, safari hii kwa ruhusa, pande zote mbili za ukuta. Ukuta huo umetengenezwa tena zaidi ya mara moja, na kiwanja chenyewe sasa chajulikana kwa maneno aliyoyaandika.

Mwezi huo huo wa Oktoba alialikwa Berlin, mji uliokuwa umekatwa vipande viwili kwa ukuta tangu mwaka 1961. Upande wa magharibi wa ukuta ule ilipakwa rangi ya manjano kwa urefu wa kiasi cha mita 100, naye akachora juu yake watu wekundu na weusi walioungana mikono na miguu kama mnyororo. Rangi hizo tatu ndizo za bendera ya Ujerumani. Muda si mrefu wengine walichora juu ya picha yake, na mwaka 1989 ukuta wenyewe ulifunguliwa, kisha ukabomolewa. Hakuna aliyelia kwa ajili ya picha ile, na nadhani Haring mwenyewe asingalitaka ukuta ule ubaki ili picha yake ipone.

Kwa upande wa bara letu, mwaka 1985 alichora picha ya kudai uhuru wa Afrika Kusini: mtu mweusi mkubwa aliyetiwa kamba shingoni, akimkanyaga mtu mdogo mweupe aishikaye kamba hiyo. Mabango 20,000 ya picha hiyo yalichapwa na kugawiwa watu huko New York. Ubaguzi ulipoondolewa na uchaguzi wa wote ukafanyika mwaka 1994, yeye hakuwako kuuona.

Mwaka 1986 pia alifungua duka dogo huko New York, Pop Shop, akiuza fulana, beji na mabango kwa bei ambayo kijana aweza kuilipa. Wenye kununua picha za bei kubwa walimcheka. Yeye alisema fikira yake ni ile ile ya stesheni, kwamba sanaa iwe ya watu wote. Msomaji aweza kuamua kama duka na stesheni ni kitu kimoja. Mimi naona kuna tofauti, lakini nia naielewa.

Mwaka 1988 aliambiwa na madaktari kwamba ana ugonjwa wa Ukimwi. Siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kutegemea. Mchanganyiko wa dawa ulio na nguvu ulipatikana mwaka 1996. Watu wengi waliuficha kwa aibu. Yeye aliusema wazi gazetini, akachora mabango ya kuwaonya wenzake, na mwaka 1989 akaanzisha mfuko wenye jina lake, ambao mpaka leo husaidia watoto na vita dhidi ya Ukimwi.

Mwezi wa Mei mwaka huo alikwenda Chicago kuchora pamoja na wanafunzi wapatao 500 wa shule za sekondari za serikali. Mbao zilipangwa bustanini kwa urefu wa zaidi ya mita 140. Haring alivuta mistari minene myeusi, na wanafunzi wakajaza nafasi zilizobaki kwa rangi na mawazo yao wenyewe. Fikirini, wenzangu: mtu ajuaye kwamba siku zake ni chache alizitumia baadhi yake kuwaachia vijana nafasi tupu ndani ya picha yake. Mwezi uliofuata alichora huko Pisa, Italia, ukuta wa nyuma wa kanisa la Sant'Antonio Abate, wenye eneo la mita za mraba 180 na watu 30 waliofungamana. Alifariki tarehe 16 Februari, 1990, akiwa na umri wa miaka 31.

Basi, turudi kwenye mabishano yetu. Sisemi kwamba tumwige katika kuvunja sheria. Yeye mwenyewe alilipa faini, na hapa petu chokaa ya kufuta maandishi hutoka katika karo za wazazi wetu. Lakini wasemao kwamba ukuta wenye picha ni ukuta ulioharibiwa wajibu hili: kwa nini Melbourne na Pisa wanagharimia kuitunza rangi ile? Na wale waandikao chooni majina ya wenzao na matusi, wakajiita wasanii, nao wana swali la kujibu. Haring alichora mchana, akasimama kando ya kazi yake, akaulizwa, akajibu. Alichora kitu ambacho mtoto, mzee na askari waweza kukitazama pamoja. Aandikaye gizani kisha akakimbia hana la kumwambia mtazamaji, na ndiyo maana hataki aonekane naye.

Ukuta wa bwalo letu unaoelekea kiwanja umebabuka rangi tangu mwaka jana. Chama cha Sanaa kimekusudia kumwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuuchora muhula ujao, mchana, walimu na wanafunzi wote wakitazama. Mistari tutaivuta sisi. Nafasi za kujaza rangi zitakuwa za kila kidato, nasi tunawakaribisha hata wale ambao hadi sasa wamekuwa wakichora chooni, maadamu watakuwa tayari kuandika majina yao chini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Chama cha Sanaa.