Kwa Nini Moshi Hurudi Chumbani? Meko ya Ukutani katika Nyanda za Baridi na Upepo

Katika wilaya za Makete, Njombe na Mufindi, miezi ya Juni na Julai ni miezi ya makoti mazito. Kusi, upepo uleule ambao huko pwani husukuma majahazi kuelekea kaskazini, hupanda hadi kwenye nyanda hizi za kusini na kufika ukiwa baridi. Katika uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi, ziko asubuhi ambapo majani huonekana yamefunikwa na sakitu. Si ajabu basi kwamba mtu ajengaye nyumba ya matofali katika sehemu hizo hutamani kuweka meko ya kuotea moto ukutani mwa sebule, kama zile zionekanazo katika nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya chai.

Lakini matokeo hayawi mazuri daima. Meko hukamilika, moto huwashwa kwa furaha, na jioni ya kwanza yenye upepo moshi hushuka na kujaa chumbani. Wenye nyumba hufunga madirisha ili kuuzuia upepo. Moshi nao huzidi. Fundi mwashi hulaumiwa. Msimu ukipita meko huachwa, na badala yake jiko la mkaa huingizwa ndani wakati wa usiku, kwa kuwa mkaa hautoi moshi. Hapo ndipo watu hukimbia usumbufu na kukumbatia mauti. Inafaa kwanza kueleza kwa nini meko hushindwa kazi, kisha kueleza kwa nini kilichowekwa mahali pake ni kibaya zaidi.

DOHANI NI MIZANI

Watu wengi hudhani kuwa moshi hupanda kwa sababu ndiyo asili yake. Ukweli ni kwamba moshi husukumwa. Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi kuliko hewa baridi yenye ujazo uleule. Mahali palipo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 5 za Selsiasi ina uzito wa karibu kilo 1. Hewa ya mahali hapohapo ikipashwa hadi digrii 150, mita moja ya ujazo huwa na gramu 650 hivi tu.

Sasa ichukuliwe dohani yenye urefu wa mita 6. Ndani yake imo nguzo ya hewa ya moto. Nje ya nyumba ipo nguzo ya hewa baridi yenye urefu uleule. Nguzo hizi mbili ni kama mikono miwili ya mizani. Ile baridi, kwa kuwa ni nzito, hushuka, huingia chumbani kupitia nyufa na milango, na kuisukuma ile ya moto itokee juu. Tofauti ya kanieneo, yaani kani inayosukuma kila eneo, ni paskali 20 hivi. Hiki ni kiasi kidogo mno: ni sawa na uzito wa tabaka la maji lenye kina cha milimita 2.

Kutokana na hesabu hiyo mambo matatu hudhihirika. Kwanza, dohani ndefu huvuta kuliko fupi. Pili, dohani iliyo na joto huvuta kuliko iliyopoa. Ndiyo sababu ni bora ijengwe ikipitia katikati ya nyumba kuliko kusimama nje ya ukuta ambako upepo huipoza usiku kucha. Tatu, mwinuko wenyewe wa nchi hupunguza nguvu. Kwa joto lilelile, dohani ya mita 6 iliyo kando ya bahari ingepata zaidi ya paskali 25. Mtu anayenakili vipimo vya nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mji wa pwani ya Ulaya, kisha akajenga Makete, hupoteza kama sehemu moja ya tano ya mvuto, kwa sababu tu hewa ya milimani ni nyepesi.

UPEPO UNAPOINGILIA

Paskali 20 za dohani hupambana na nini? Upepo wenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, unapogonga ukuta husukuma kwa kanieneo ya karibu paskali 50. Hata upepo wa mita 6 au 7 kwa sekunde, ule wa kuinua vumbi na kupeperusha karatasi barabarani, hulingana na nguvu yote ya dohani. Ni dhahiri kuwa upepo ukiingia kwa kutoka juu, moshi hauna budi kurudi.

Hata hivyo upepo si adui kila wakati. Unapopita juu ya mdomo wa dohani kwa mlalo, bila kizuizi, husaidia kufyonza moshi. Madhara huja pale upepo unaporuka paa. Mabaharia wa pwani huuita upande upepo utokako kuwa ni goshini, na upande uendako kuwa ni demani. Upepo ukishavuka kilele cha paa hujipinda na kuzunguka upande wa demani, na sehemu ya mzunguko huo huelekea chini. Dohani fupi iliyochomoza upande huo, chini ya kilele, humwagiwa upepo mdomoni. Mti mrefu wa mkaratusi au ukingo wa mlima ulio karibu na nyumba waweza kuleta madhara yayo hayo.

Waashi wa nchi za baridi wana kanuni fupi juu ya jambo hili. Mdomo wa dohani uwe juu ya mahali inapotokeza kwenye paa kwa sentimita 90 au zaidi. Tena uwe juu kwa sentimita 60 au zaidi kuliko sehemu yoyote ya jengo iliyo umbali wa mita 3 kutoka kwake. Hivi ndivyo vipimo vya chini kabisa. Mahali penye upepo mkali ni busara kuvizidisha.

MOTO NAO HUTAKA KUPUMUA

Kosa la pili ni kuusahau mlango wa hewa. Dohani yenye tundu la sentimita 21 kwa 21, ikipitisha hewa kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, hutoa zaidi ya mita 300 za ujazo kwa saa. Sebule ya mita 4 kwa 5, yenye dari ya mita 2.7, ina mita 54 za ujazo. Maana yake hewa yote ya sebule hiyo hubadilishwa karibu mara 6 kila saa. Hewa inayotoka lazima ifidiwe na inayoingia; nyufa zikizibwa zote kwa kuogopa baridi, dohani hukosa cha kuvuta, na moshi hubaki.

Dirisha nalo lina siri yake. Dirisha la goshini likifunguliwa kidogo, upepo husukuma hewa ndani na kuusaidia moto. Dirisha la demani likifunguliwa peke yake, upepo hufyonza hewa ya chumba kwenda nje, na dohani hugeuka kuwa njia ya kuingizia hewa pamoja na moshi. Dawa iliyo bora ni kulaza bomba chini ya sakafu wakati wa kujenga, litoke nje ya nyumba hadi karibu na meko. Moto utapata hewa yake wenyewe, na migongo ya waotao haitapigwa na baridi itokayo chini ya mlango.

FUNZO LA RUMFORD

Aliyeichunguza meko kwa jicho la sayansi ni Benjamin Thompson, aliyezaliwa Marekani mwaka 1753 na baadaye kuitwa Count Rumford. Wanafunzi wa fizikia humjua kwa uchunguzi wake wa joto litokanalo na kukeketa mizinga. Mwaka 1796 alitoa maandishi juu ya meko za Uingereza, ambazo zilikuwa na vinywa vikubwa na matumbo yenye kina kirefu. Aliona kwamba joto linalowafikia watu hutoka motoni kwa mnururisho, kama joto la jua, wala si kwa hewa iliyopashwa, maana hewa hiyo hupanda na kupotea. Kwa hiyo aliusogeza mbele ukuta wa nyuma wa meko, akazifanya kuta za pembeni zikae mshazari ili zirudishe joto chumbani, na akalibana koo la dohani hadi upana wa sentimita 10 hivi. Moshi ulipungua na joto likaongezeka.

Pamoja na hayo meko ya wazi ni mlaji mkubwa wa kuni: huenda chumba kikapata sehemu moja tu ya kumi ya joto la kuni zote. Jiko la chuma lenye mlango na bomba laweza kutoa zaidi ya nusu. Kwa mtu mwenye uwezo wa kuchagua, tofauti hii ni ya kufikiriwa sana.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Eneo la tundu la dohani liwe kama sehemu moja ya kumi ya eneo la kinywa cha meko. Kinywa chenye upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 60 kina sentimita za eneo 4,500, nacho huhitaji tundu la 450 hivi. Tundu liwe laini ndani, lisipungue upana kadiri lipandavyo, na moto mmoja uwe na tundu lake peke yake. Sakafu isiyoungua itokeze mbele ya meko kwa sentimita 40 au zaidi. Boriti za paa zisiguse dohani. Ziachwe umbali wa sentimita 5 au zaidi.

Kuni ziwe kavu. Gogo bichi la mwati au mkaratusi laweza kuwa nusu maji kwa uzito, na sehemu ya moto hutumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Moshi wake huwa wa baridi, huacha masizi na utomvu mweusi katika dohani, na utomvu huo ukishika moto huweza kuunguza paa. Kwa sababu hiyo dohani isafishwe kila mwaka kabla ya msimu wa baridi.

MOTO USIO NA MOSHI

Wahenga walisema kuwa pafukapo moshi pana moto. Lakini moto waweza kuwapo bila moshi, na huo ndio wa kuogopwa zaidi. Moshi huwasha macho na kumlazimisha mtu atoke nje. Kwa maana hiyo ni mlinzi. Mkaa unapoungua katika hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu huishika hewa hiyo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humzidi. Aliyelala haoni hata dalili hizo. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Anayepatikana na dalili hizo atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Hatari hiyohiyo imo katika meko iliyojengwa vizuri. Usiku wa manane miali huzimika na makaa hubaki. Moshi hauonekani tena, dohani imepoa, mvuto umepungua, lakini kaboni monoksaidi bado inatoka. Mtu akikifunga kilango cha dohani saa hiyo ili kuhifadhi joto, amekifanya chumba chake kuwa sawa na chenye jiko la mkaa. Kilango kisifungwe mpaka majivu yamepoa kabisa.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili kwa vifaa vichache. Lichukuliwe kasha la bati lenye upande mmoja wa kioo, litobolewe matundu mawili juu, na kila tundu lisimamishiwe chemni ya taa. Mshumaa mfupi uwashwe chini ya tundu moja. Karatasi inayofuka moshi ishikwe juu ya tundu la pili: moshi utaonekana ukishuka, ukipita ndani ya kasha, na kupanda juu ya mshumaa. Kisha tundu la pili lizibwe, na wanafunzi watazame mwali unavyodhoofika. Mwishowe lizibuliwe, na mwanafunzi mmoja apulize kwa mlalo juu ya chemni yenye mshumaa, halafu apulize kutoka juu kwenda chini, na darasa lilinganishe.

Mwanafunzi aliyeona mwali ukififia kwa kukosa hewa ataelewa kwa nini, usiku wenye kusi kali, dirisha la goshini huachwa na ufa.