Homa ya Mgonjwa wa Saratani ya Damu: Huenda ni Ukungu



Ukungu tunaujua sote. Tunauona kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka, na kwenye mboji. Mbegu zake ni nyepesi kuliko vumbi, nasi huzivuta kila siku bila kudhurika, kwani chembe nyeupe za damu huziua.

Kwa mwenye saratani ya damu mambo ni tofauti. Ugonjwa huharibu chembe hizo, na dawa kali za kuutibu huzipunguza zaidi. Kwa siku kadhaa, hata wiki, mwili hubaki kama shamba lisilo na mlinzi na nyani wako karibu. Ndipo ukungu huingia mapafuni au kwenye damu.

Kwa nini ni vigumu kuutambua?

Mara nyingi dalili ya kwanza ni homa tu. Je, ni malaria? Ni bakteria? Ni ukungu? Homa haisemi.

Njia ya kawaida ni kuchukua damu au makohozi na kujaribu kuotesha vijidudu katika maabara. Hiyo huchukua siku kadhaa. Tena, ukungu uitwao Candida, unaoishi mdomoni na tumboni mwetu, hukosa kuonekana kwa karibu nusu ya wagonjwa ambao umewaingia ndani. Aspergillus, ule wa vumbi na mboji, ni nadra sana kuota kutoka kwa damu. Na kukata kipande cha pafu ni hatari, maana wengi wa wagonjwa hawa damu yao haigandi vizuri.

Kusoma jeni

Kila kiumbe kina jeni, yaani maandishi ya urithi wake. Ukungu ukiwa mwilini, vipande vya maandishi hayo huweza kumwagika katika damu. Mashine husoma mamilioni ya vipande. Vingi mno ni vya mgonjwa mwenyewe. Kompyuta huviweka kando, na vinavyobaki hulinganishwa na orodha ya vijidudu vinavyojulikana. Ni kama kumjua mwizi kwa alama za vidole, bila kungoja arudi.

Faida yake ni jina. Dawa ya vorikonazoli hutibu Aspergillus, lakini haifui dafu mbele ya ukungu wa jamii ya Mucor, ambao huhitaji amfoterisini na mara nyingi upasuaji. Katika picha ya kifua hao wawili huweza kufanana. Jina likikosewa, mgonjwa anameza dawa isiyomfaa huku siku zinakwenda.

Hata hivyo kipimo hiki ni ghali, na hospitali nyingi hazina. Pia kinaweza kuokota ukungu wa vumbi tu, au kukosa ulio mchache. Kwa hiyo daktari hukitumia pamoja na picha na vipimo vingine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuvu 19 zinazohitaji utafiti zaidi, na likataja uhaba wa vipimo kuwa tatizo kubwa.

Kikundi kifanye nini?

1. Mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani akipata homa ya digrii 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msingoje kukuche, wala msinunue dawa dukani kwanza. Waambieni wahudumu mapema kwamba anatibiwa saratani.

2. Asipukuchue mahindi, asifagie ghala, asigeuze mboji wala samadi. Wanakikundi wamfanyie kazi hizo kwa zamu.

3. Tengeni akiba ya nauli ya dharura, na mjue mapema ni gari la nani litakalomchukua.

4. Msimtenge. Saratani ya damu haiambukizi, na ukungu wa mapafuni tuliotaja hauruki kutoka kwake kuja kwako.

Swali la kujadili: Je, homa ikimshika mwenzetu saa nane usiku wa leo, nani ataamka, na nauli itatoka wapi?