Mwewe hulaumiwa, mdondo humaliza banda

Kuku wengi wa nyua za Kigoma na Ujiji ni wa kienyeji, na hawafungiwi. Alfajiri mlango wa banda, au wa jiko walimolala, hufunguliwa nao huenda zao kuchakura chini ya miembe na michikichi, jalalani, kwa jirani na hata ufukweni. Asubuhi hutupiwa konzi ya pumba au mahindi yaliyopasuliwa, zaidi ili wasisahau kwao. Jioni hurudi wenyewe. Mali hii kwa kawaida ni ya mama wa nyumba, na wachungaji ni watoto. Shamba haliuzwi bila kikao cha ukoo. Kuku huuzwa leo hii kwa ajili ya daftari, sabuni au nauli ya hospitali, na hakuna anayeulizwa.

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia siku 21, hulea, kisha huanza tena. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwaka, angetoa vifaranga 30 na zaidi. Hata hivyo, nyumba yenye matetea watano haionekani kuwa na kuku 150. Vifaranga wengi hupotea kabla ya kufikisha miezi miwili, na maelezo ya mahali walikokwenda hutofautiana sana na ukweli.

Chakula si tatizo kubwa pwani ya Ziwa Tanganyika. Kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kukicha huanikwa mchangani au juu ya chanja. Kunguru hushambulia kutoka juu, kuku kutoka chini, na mtoto mwenye fimbo hukaa katikati akifukuza pande zote mbili. Ugomvi wa majirani kuhusu kuku wa fulani aliyeonekana kwenye dagaa wa fulani ni wa kila msimu. Dagaa wenyewe ni ghali mno kulishwa mifugo. Hufungwa magunia kupelekwa Dar es Salaam na kwingineko, na watengenezaji wa chakula cha kuku hutumia zaidi dagaa wa Ziwa Victoria, ambao ni wa bei nafuu. Kuku wa uani huambulia chenga, vichwa na vumbi linalobaki mkekani, na hicho kidogo kinatosha kumpa kifaranga protini anayohitaji kuota manyoya. Siku za mbalamwezi wavuvi wanapopumzika, chenga hupungua. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili ziwa lipumzike, chanzo hicho kilikatika kwa miezi mitatu. Anayewazidishia dagaa naye hupata hasara yake: nyama na mayai hunuka samaki, kwa hiyo jogoo wa kuuzwa huondolewa dagaa wiki mbili kabla.

Dagaa wakikosekana, kuna mchwa. Chungu kikuukuu hujazwa mabua makavu na samadi mbichi, kikafunikwa jioni juu ya tundu la kichuguu. Asubuhi kimejaa mchwa wa kuwamwagia vifaranga. Kaskazini mwa mji, umbali wa kilomita kama 16, sokwe wa Gombe huwapata mchwa haohao kwa kuchomeka bua kichuguuni na kulivuta taratibu. Jane Goodall alilishuhudia jambo hilo mwaka 1960, na dunia ikalazimika kukubali kwamba si binadamu peke yake anayetengeneza zana. Mtafiti huyo, utotoni mwake Uingereza, aliwahi kujificha kwa saa kadhaa ndani ya banda ili aone yai linatokea wapi. Ni swali ambalo mtoto wa Ujiji hujibiwa mapema zaidi.

Tukirudi kwa vifaranga wanaopotea, wa kwanza kutajwa ni mwewe. Hushuka mchana kweupe, watu wanaona, watoto wanapiga kelele, na kifaranga ameshakwenda. Baadhi ya wafugaji huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au nyekundu ili mwewe asiwatambue. Kinga ya uhakika zaidi ni tenga, au wavu wa dagaa uliochakaa unaotandazwa juu ya vijiti, na mji wa wavuvi haukosi nyavu kuukuu. Kunguru ana uvumilivu kuliko mwewe: husubiri ukutani hadi koo ageuke. Nguchiro huja mchana kwa makundi kutoka vichakani. Usiku ni zamu ya kicheche na kanu, ambao huweza kuua kuku kadhaa katika banda moja na kuondoka na mmoja tu. Karibu na maji, kenge hufuata mayai. Nyoka wa majini wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni aina ya swila, hula samaki wala hana haja na banda, ila akionekana tu hupigwa.

Adui anayestahili kuogopwa kuliko anavyoogopwa ni siafu. Mvua ikinyesha msafara wao huhama, na koo anayeatamia hakubali kuacha mayai. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo zilizopakwa oili chafu, au kuzungushiwa majivu, huokoa mengi.

Paka wa nyumbani hujifunza adabu akiwa mdogo, baada ya kudonolewa usoni na koo mmoja mkali, na tangu hapo hushughulika na panya. Panya ni wezi wakubwa wa vifaranga usiku, kwa hiyo paka ni mlinzi wa kweli. Sumu ya panya huvuruga mpango huo: paka hula panya aliyekufa, naye akafa, kuku hudonoa chambo. Mbwa ni wachache katika nyumba za Waislamu wa Ujiji, wengi zaidi kwenye miinuko ya nje ya mji, na mbwa aliyeonja yai hafundishiki kirahisi.

Wote hao wakijumlishwa hawafikii mdondo, unaoitwa pia kideri. Ugonjwa huu wa virusi huweza kuua karibu kuku wote wa kundi lisilochanjwa, mara nyingi wakati wa kiangazi. Kuku huzubaa, huhara kijani, hupumua kwa shida, wengine hupinda shingo. Hauna dawa. Mwarobaini na shubiri kwenye maji ya kunywa havizuii vifo. Kinachousambaza ni busara ya mfugaji mwenyewe: akiona wawili wamekufa, huwahi kuuza waliobaki, nao husafiri kwenye matenga kwa pikipiki au mtumbwi hadi kijiji kingine pamoja na virusi vyao.

Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ni tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na mdogo, kila baada ya miezi mitatu. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo la maana kwa vijiji vya mwambao vinavyofikiwa kwa boti. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani huchanga na kuchanja siku moja, jioni kuku wakiwa bandani. Wagonjwa hawachanjwi. Ndui, inayoenezwa na mbu, ina chanjo yake ya kuchomwa kwenye ngozi ya bawa.

Ndani ya nyumba tahadhari ni nyepesi. Kuku wanaolala jikoni huacha kinyesi pale mtoto anapotambaa, na kuhara hufuata. Banda dogo la mianzi na makuti nje ya ukuta huondoa sehemu kubwa ya tatizo, mradi mikono inaoshwa baada ya kuokota mayai.

Kundi lililochanjwa huongezeka haraka kuliko makombo ya uani. Majogoo huuzwa kabla ya Idd na Krismasi, bei inapopanda. Wengine huongeza chotara kama Sasso na Kuroiler, wanaokua upesi na kutaga zaidi, lakini huhitaji chakula cha kununua na wengi wao hawaatamii. Anayewafuga hununua vifaranga upya kila mara, na bado hubakiza matetea wachache wa kienyeji kwa kazi ya kuangua.