Skima ya Tangi la Maji ya Chumvi: Usinunue kwa Lita Tu, Anza na Chakula

Leo tunaacha mabwawa ya tilapia kidogo, tushuke baharini. Huku Pwani, kuanzia Kilifi hadi Shimoni, kuna vijana wanaoshikilia samaki wa mapambo kama kitatange na kangaja kabla ya kuwasafirisha kwa wanunuzi. Wengine wanaweka kamba mawe hai wakisubiri oda ya hoteli. Wengi wao huniuliza swali moja: "Afisa, tangi langu ni lita kadhaa, ninunue skima saizi gani?"

Mimi nami huwarudishia swali: "Kwa siku unalisha gramu ngapi?" Hapo wengi hunyamaza. Na hapo ndipo pesa inapopotelea, maana skima ndogo itakuulia samaki, na kubwa kupita kiasi itakula stima bila kazi.

Skima inafanya nini hasa?

Simama ufuoni wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka. Utaona povu limejaa kwenye mchanga. Mawimbi yamechanganya hewa na mabaki ya mwani na viumbe vilivyooza, povu likashika. Skima inafanya hivyohivyo ndani ya bomba la plastiki. Pampu inavuta hewa, inaikatakata kuwa viputo vidogo sana, viputo vinapanda. Ute wa samaki, kinyesi na chakula kilichoyeyuka hunata kwenye viputo, povu linapanda hadi kwenye kikombe cha juu, nawe unamwaga uchafu huo.

Faida yake ni kwamba uchafu unatoka kabla haujaoza. Ukioza hugeuka amonia, na bakteria wanaouozesha hula oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 28 hushika oksijeni kama miligramu 6 tu kwa lita, kwa hiyo huna akiba ya kuchezea.

Lakini elewa mipaka yake:

- Skima haitoi amonia iliyokwisha kuingia majini. Chujio la bakteria lazima liwepo.
- Inahitaji chumvi. Kwenye maji matamu viputo huungana vikawa vikubwa na povu halishiki vizuri. Wewe wa tilapia, usiingie gharama hii.

Mbona namba ya kwenye boksi haitoshi?

Boksi likiandikwa "hadi lita 2,000", mara nyingi hiyo ni kwa tangi la sebuleni lenye samaki wachache. Wewe uko kwenye biashara. Lita zilezile kwako zina samaki wengi zaidi, na wametoka tu kuvuliwa, wana mshtuko, wanatoa ute mwingi. Maji ni yaleyale, uchafu ni mara kadhaa.

Watengenezaji wengine huandika namba tatu: samaki wachache, wa kati na wengi. Soma ile ya samaki wengi. Ikiwa ni namba moja tu, mimi huwashauri wafugaji waigawe kwa mbili. Skima ya "lita 2,000" ihesabu kuwa ya 1,000.

Twende hatua kwa hatua

*1. Pima maji halisi.* Urefu mara upana mara kina cha maji, vyote kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Tuseme una matangi 6 yanayotumia maji mamoja, kila moja sentimita 120 kwa 50, na maji yamefika 45. Hiyo ni lita 270 kila tangi, jumla 1,620. Ongeza tangi la chini lenye lita 180, unafika 1,800. Tangi la karantini lenye maji yake usilihesabu hapa.

*2. Pima chakula cha siku.* Chukua siku ambayo mzigo umejaa, usichukue siku ya kawaida. Kwa hesabu ya kawaida ya ufugaji wa samaki, gramu 100 za chakula kikavu chenye protini asilimia 45 huleta kama gramu 4 za amonia, mbali na kinyesi na mabaki. Ukiongeza chakula maradufu, uchafu nao unaongezeka maradufu, hata kama lita hazijabadilika. Chakula kibichi kama nyama ya kamba sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo gramu 100 zake si sawa na gramu 100 za pelleti. Ikiwa hulishi kabisa kwa sababu unajiandaa kusafirisha, mzigo wa skima unapungua.

*3. Fanya chaguo.* Mfano wetu una lita 1,800 na samaki wengi. Kwa kanuni ya kugawa kwa mbili, unahitaji skima ya kama lita 3,600 hadi 4,000 kwenye boksi. Ushauri wangu: badala ya moja ya 4,000, nunua mbili za 2,000. Biashara hii ina msimu, leo umejaza, wiki ijayo umebaki na robo. Samaki wakipungua unazima moja. Na moja ikiharibika usiku, nyingine bado inazunguka huku ukimtafuta fundi.

*4. Angalia maji na hewa.* Maji yote yapite kwenye skima angalau mara moja kwa saa. Kwa mfano wetu ni lita 1,800 kwa saa, yaani 900 kila skima. Kisha tafuta namba ya hewa inayovutwa kwa saa. Ukilinganisha mbili za bei moja, hewa nyingi yenye viputo vidogo ndiyo bora. Maji ndani ya bomba yawe meupe kama tui. Ukiona viputo vikubwa vinabubujika kama sufuria inayochemka, iache dukani.

*5. Pima nafasi na stima.* Skima nyingi za kukaa kwenye tangi la chini hutaka kina cha maji kisichopanda na kushuka. Soma kipimo kwenye maelezo yake. Acha nafasi juu ya kuchomolea kikombe. Mbili za wati 40 kila moja, zikiwaka saa 24, zinakula yuniti 1.92 kwa siku, kama 58 kwa mwezi. Ziweke kwenye bei ya samaki wako tangu mwanzo.

Kubwa mno nayo ni hasara

Wapo wanaosema, "Si ninunue kubwa kabisa nimalize?" Hapana. Povu linahitaji uchafu ili lisimame. Bomba likiwa pana na uchafu ni mchache, povu linapasuka kabla ya kufika kikombeni. Unabaki na kikombe kikavu, ukidhani maji ni masafi.

Ukishaiwasha

Skima mpya huhitaji wiki moja hadi mbili kutulia. Siku za kwanza inaweza kumwaga maji ovyo au kukaa kimya, usiirudishe dukani. Ikishatulia, fanya haya:

- Osha shingo ya kikombe mara mbili kwa wiki. Mafuta na utelezi huua povu, kwa hiyo usiingize mikono yenye losheni tangini.
- Safisha mrija wa hewa kwa maji matamu ya uvuguvugu, maana chumvi huganda ndani.
- Wakati wa dawa fuata maelezo ya dawa. Ukilazimika kuzima skima, ongeza mawe ya hewa.
- Stima ikipotea, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo ya kwanza. Samaki watakufa kwa kukosa hewa kabla ya kufa kwa uchafu.

Utajuaje kama saizi ni sawa? Chota maji ya tangi kwenye bakuli jeupe, na pembeni weka maji mapya ya bahari. Kama ya tangi yana manjano, na kikombe kinajaa haraka kila siku, skima imezidiwa. Punguza samaki kwanza, kisha ongeza ya pili.

Kumbukeni, samaki wengi wa mapambo mnaoshikilia wametoka mwambani. Akifa tangini, umepoteza pesa, na mvuvi atarudi kuvua mwingine wa kujaza pengo lake. Kabla ya kwenda dukani, pima chakula chako kwa wiki moja na uandike kwenye daftari. Ukija kwangu na namba hiyo, kazi ya kuchagua tutaimaliza kwa dakika tano.