Senti kumi yenye kosa: Ipime kabla ya kulipa

Je, msomaji, umewahi kumwona kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya, akifungua mkebe wa zamani na kutoa sarafu nyeusi ya shaba yenye tundu katikati? Hiyo ndiyo peni, senti kumi ya Afrika Mashariki. Mashamba makubwa ya majani chai yalipofunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, peni na ndururu ndizo zilizokuwa pesa ndogo za mvuna chai. Leo vijana wa Litein, Bomet na Nairobi wananunua sarafu hizo hizo katika minada ya intaneti, wakiambiwa kwamba zina "kosa la kiwandani" na kwamba ni adimu kupindukia. Hapo ndipo karo ya mtoto inapoweza kwenda na maji.

Inayotangazwa sana ni ya mwaka wa 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII. Mfalme huyo aling'atuka Desemba mwaka huo huo kabla hajatawazwa, na sarafu zenye sura yake ni haba kweli. Lakini peni yetu haikuwa na sura ya mfalme yeyote, kwani katikati kuna tundu. Ilihitaji jina lake tu, na zilipigwa kwa mamilioni. Haina kosa lolote. Ukiambiwa ulipe maelfu kwa iliyochakaa, funga simu unywe chai.

Hata hivyo, kosa la kweli la mwaka huo lipo. Kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, Uingereza, ambacho alama yake ni herufi H, kilikuwa kikipiga senti kumi yetu pamoja na peni ya Afrika Magharibi, nayo ina tundu na ukubwa wake ni karibu sawa. Mihuri ikachanganywa. Zikatoka sarafu ambazo upande mmoja, ule wa taji, ni wa Afrika Mashariki na upande wa pili, wenye nyota ya pembe sita, ni wa Afrika Magharibi. Wakusanyaji huziita nyumbu, yaani mtoto wa punda na farasi, wala si wale wa Maasai Mara! Basi ukionyeshwa "nyumbu" wa 1936 mwenye taji upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili, hiyo ni peni ya kawaida.

Walaghai nao hawalali. Huchukua sarafu mbili, wakazichonga kila moja upande mmoja na kuzigandisha pamoja. Sarafu ya tundu huwaumbua haraka. Chukua kioo cha kukuzia, chungulia ukuta wa ndani wa tundu, kisha zungusha ukingo wa nje: mstari mwembamba wa kiungo ukionekana, rudisha mali ya watu. Iangushe mezani pia. Iliyogandishwa hutoa sauti butu.

Wengine hutangaza sarafu yenye tundu lililokwenda upande, au isiyo na tundu kabisa. Kumbuka kwamba kiwandani tundu lilitobolewa kwanza, ndipo sarafu ikapigwa muhuri. Kwa hiyo tundu la asili likiangukia kwenye maandishi, herufi huonekana zimevutika kuelekea kwenye shimo. Tundu la keekee hukata herufi kavu na kuacha ncha kali. Ile isiyo na tundu lazima iwe nzito kuliko dada zake, na katikati isiwe na duara la kiraka. Mwombe sonara mjini akupimie. Na ikinaswa na sumaku, huo ni mwisho wa mazungumzo, maana shaba hainaswi.

Ikipita yote hayo, kuna daraja. Wakazi wa nchi ya chai wanajua kwamba majani ya shamba moja hutoka kiwandani yakiwa BP1, PF1 au vumbi, kila moja na bei yake. Sarafu nazo hupewa alama kuanzia 1 hadi 70, kipimo kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon mwaka wa 1949. Tazama sehemu zilizoinuka, kama vile lulu za taji na mgongo wa pembe za ndovu, kwa kuwa ndizo huchakaa kwanza. Usiisugue kwa majivu wala ndimu ili ing'ae! Ule weusi ni ngozi yake, na ukiuondoa umeitupa bei nusu ya njia.

Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huithibitisha sarafu na kuifungia katika kasha la plastiki lenye nambari. Kwa peni ya kawaida, gharama ya kuituma huko huipita thamani yake. Ukiuziwa iliyokwisha kufungwa, itafute nambari hiyo katika daftari la kampuni yenyewe kwenye intaneti, ulinganishe picha na kila mkwaruzo, kwa maana kasha nalo hughushiwa.