"Trifidi Imesimama" au "Trifidi Amesimama"? Upatanisho wa Kisarufi na Mmea Wenye Akili katika Riwaya ya John Wyndham

Ikisiri
Makala haya yanafafanua tatizo linalomkabili mfasiri wa The Day of the Triffids (1951), riwaya ya Mwingereza John Wyndham, ambamo wanadamu wanalazimika kuukimbia mmea walioulima wenyewe. Inaelezwa kwamba upatanisho wa kisarufi humlazimu mfasiri kuamua ni lini mmea huo unaacha kuwa kitu na kuwa hasimu, na ni nani anayelitambua badiliko hilo kwanza.

1.0 Utangulizi
Trifidi ni mmea wa kubuni. Ni mrefu kuliko mtu, hutembea kwa vishina vitatu mfano wa miguu, hula nyama, na huchapa kwa mwiba wa sumu mithili ya mjeledi. Tofauti na mazimwi ya ngano, trifidi haikutoka porini kuja kumvamia mwanadamu. Mwanadamu ndiye aliyeizalisha kwa wingi, kwa kuwa mafuta yake yana thamani kubwa sokoni. Msimulizi, Bill Masen, ni mwanabiolojia aliyeajiriwa na kampuni inayokamua mafuta hayo.

2.0 Wafanyakazi na Mmea
Mwiba ukikatwa, trifidi haina madhara. Hata hivyo, kuukata hupunguza ubora wa mafuta. Kwa hiyo mashambani mimea huachwa na silaha yake, na wafanyakazi huvaa barakoa za wavu na mavazi mazito. Hatari, basi, haitokani na uzembe. Imeachwa makusudi kwa hesabu ya faida, na mzigo wake umebebeshwa miili ya vibarua na wataalamu wanaoingia shambani.

Anayeing'amua hatari hiyo mapema ni Walter Lucknor, mwenzake Masen kazini. Lucknor hana sifa za kitaaluma za kumwezesha kufanya kazi ya maabara, lakini anaijua mimea hii kwa kuishi nayo. Anaona kwamba vijiti vilivyo kando ya shina, ambavyo hugongagonga, ni njia ya mimea kuwasiliana. Anaona pia kwamba mwiba hulengwa usoni, na kwamba majeruhi wengi hupigwa machoni. Kutokana na hayo anahitimisha kuwa ubora wa mwanadamu juu ya trifidi umo katika kuona kwake. Akiupoteza uwezo huo, mmea ndio utakaokuwa na nafasi bora ya kuishi.

Hesabu hiyo inatimia. Masen anapatwa na sumu machoni akiwa kazini, na amelazwa hospitalini macho yakiwa yamefungwa bendeji usiku ambao karibu watu wote wanatazama mimweko ya kijani angani na kuamka vipofu. Kuanzia hapo simulizi ni ya kurudi nyuma hatua kwa hatua: kutoka London, hadi shamba lenye uzio huko Sussex, na hatimaye kuelekea kisiwa cha Wight. Mimea inajikusanya nje ya uzio na kungoja.

3.0 Kiambishi Kama Uamuzi
Kiingereza kinaweza kutumia kiwakilishi kimoja kwa mbwa, mti na mashine. Kiswahili hakina maficho hayo. Neno "trifidi", kama mikopo mingi, huingia katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halidokezi lolote kuhusu uhai wala akili. Kitenzi ndicho kinachofichua. "Trifidi imesimama langoni" ni taarifa kuhusu mmea; "trifidi amesimama langoni" ni taarifa kuhusu anayevizia. Simba na mbwa, ambao majina yao yana umbo la ngeli hiyohiyo, huchukua kiambishi a- bila mjadala.

Hata hivyo, haitoshi kudai kwamba chenye akili huchukua a-. Mzimu hudhaniwa kuwa na utashi, ilhali husemwa "mzimu umetokea". Methali nayo yasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha, zimwi hilo lina ujuzi, na bado limepewa li-. Kwa upande mwingine, neno "kipofu" lina kiambishi cha vitu, lakini hakuna asemaye "kipofu kimeanguka". Upatanisho, kwa hiyo, hauonyeshi kiwango cha akili pekee. Huonyesha pia uhusiano wa msemaji na anachokitaja: ukaribu, hofu au heshima.

Hapa ndipo mfasiri anapopata nyenzo. Akitumia i- kuanzia mwanzo hadi mwisho, ataifanya safari ya kurudi nyuma ionekane kama kukimbia mafuriko au moto. Akitumia a- tangu ukurasa wa kwanza, atafichua mapema jambo ambalo wahusika wenyewe hawajakubaliana. Inafaa zaidi viambishi vigawanywe kwa wasemaji. Kampuni na wanunuzi wa mafuta waseme "trifidi inatoa". Lucknor awe wa kwanza kusema "trifidi analenga". Masen, aliyefunzwa kutouhusisha mmea na nia, abaki na i- kwa muda mrefu, kisha a- imponyoke pale uzioni Sussex.

4.0 Hitimisho
Mgawanyo huo una uzito zaidi ya ufundi wa tafsiri. Katika riwaya hii, maarifa ya mfanyakazi asiye na cheti yalitangulia maafa, wala hayakubadilisha namna mashamba yalivyoendeshwa. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulisikia hilo ndani ya silabi moja: kwamba waliokaribia mmea waliujua kuwa ni hasimu, huku waliofaidika nao wakiendelea kuuita bidhaa. Mfasiri akisawazisha viambishi kwa ajili ya ulinganifu wa sarufi, atakuwa ameinyamazisha sauti ya Lucknor kwa mara ya pili.